Daftari la Wajane: Nilivyojifunza Kuusoma Waraka wa Kwanza kwa Timotheo

Mwaka 2004 nilichaguliwa kuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu wa kijijini, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye mwandiko unaosomeka, nilikabidhiwa daftari la wajane. Lilikuwa kaunta buku la kawaida lililofunikwa kwa gazeti, na ndani yake yaliandikwa majina ya akina mama waliofiwa na waume zao, idadi ya watoto wa kila mmoja, na alama ya vema kwa kila mgawo aliopokea. Mgawo wenyewe haukuwa mkubwa: debe la mahindi, mche wa sabuni, kilo ya sukari, na kila Januari madaftari na kalamu kwa watoto waliokuwa shuleni. Fedha zilitokana na sadaka ya diakonia, yaani ya huduma kwa wahitaji, iliyotolewa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi.

Daftari hilo ndilo lililonifundisha kuusoma Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, ingawa nilijifunza kwa kuchelewa, nikiwa nimekwisha kuutumia waraka huo kwa namna ambayo hadi leo inaniuma.

Miaka ile ilikuwa miaka ya mazishi. UKIMWI ulikuwa umepita katika kila ukoo, dawa za kurefusha maisha zilikuwa bado hazijafika katika zahanati yetu, na daftari lililokuwa na majina 12 tu lilipoanzishwa lilikuwa limefikisha majina 37 mwishoni mwa mwaka 2005. Wengi wa walioongezeka hawakuwa wamefikisha hata miaka 40. Sadaka, kwa upande wake, haikuongezeka, kwa maana waliokuwa wakitoa ndio hao waliokuwa wakizikwa. Mwezi Novemba mtunza hazina alitueleza kwamba mfuko ungeweza kuwabeba watu 16, basi. Kamati tuliketi katika sakristia hadi giza likaingia, na hapakuwa na mtu aliyetaka kutaja kwa kinywa chake jina la wa kuachwa.

Mimi ndiye niliyefungua Biblia. Nilisoma sura ya tano, mstari wa tisa: "Mjane asiandikwe isipokuwa umri wake amepata miaka sitini." Nakumbuka jinsi chumba kilivyopata nafuu. Maandiko yalikuwa yamechagua kwa niaba yetu, na idadi ya waliofikisha miaka sitini, kwa kadiri tulivyoweza kukisia umri wa watu ambao wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, ilikuwa 16 kamili. Usiku ule ule, kwa rula na kalamu nyekundu, nilikata majina 21.

Mmoja wa waliokatwa nitamwita Mama Zawadi, ambalo si jina lake. Alikuwa na miaka 31 na watoto watatu. Ndugu wa marehemu mumewe walikuwa wamechukua shamba, na baadaye waliezua hata mabati ya nyumba, wakisema kwamba mali ni ya ukoo na kwamba yeye mwenyewe walimlipia mahari. Alipokuja kuuliza kwa nini jina lake halikusomwa, sikumjibu kwa maneno yangu. Nilimsomea mstari wa kumi na nne: "Basi napenda wajane, ambao si wazee, waolewe." Alisikiliza akiwa amesimama, mtoto mgongoni, akasema, "Asante, Mwalimu," akaondoka. Baada ya wiki chache tulisikia kwamba amehama kijijini.

Mwaka 2007 lilianzishwa darasa la Biblia la jioni kwa wazee wa kanisa, wainjilisti na walimu wa shule ya Jumapili. Aliyetufundisha alikuwa mchungaji mstaafu aliyewahi kusoma Kigiriki, mtu mpole asiyependa kuharakishwa, na msimu mzima wa masika alitushikilia katika nyaraka tatu zinazoitwa za kichungaji, yaani mbili kwa Timotheo na moja kwa Tito. Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Kabla hatujauliza waraka unatuagiza nini, alitutaka tuulize ni jambo gani lilikuwa limetokea katika mji ule hata ikampasa mtu kushika kalamu. Alisema kwamba barua ni nusu ya mazungumzo, na asiyejitahidi kuisikia nusu nyingine huishia kuijaza kwa sauti yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimefanya hivyo hasa.

Mji wenyewe ulikuwa Efeso. Timotheo, msaidizi wa mtume Paulo, aliachwa huko, kama waraka unavyosema katika sura ya kwanza, wakati Paulo akisafiri kwenda Makedonia. Efeso ulikuwa makao makuu ya jimbo la Kirumi la Asia, bandari karibu na mahali mto Kaistro ulipoingia baharini, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Tope la mto limeisukuma bahari, na magofu ya mji sasa yako kilomita kadhaa kutoka pwani. Kila aliyesoma Matendo ya Mitume sura ya 19 anaukumbuka mji huo kwa ghasia za Demetrio na mafundi wenzake wa fedha, na kwa kelele za "Artemi wa Waefeso ni mkuu." Mchungaji hakukaa sana kwenye ghasia. Alikaa kwenye hekalu la huyo Artemi, mungu wa kike wa mji ule. Lilikuwa na nguzo 127 kwa hesabu ya Plinio, mwandishi Mrumi wa karne ya kwanza, nalo lilihesabiwa kuwa moja ya maajabu saba ya ulimwengu wa kale. Alichotaka tukione, hata hivyo, ni kwamba hekalu hilo lilikuwa pia mahali pa amana. Watu binafsi, na hata miji, waliweka fedha zao humo kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuiba mbele ya mungu huyo wa kike. Kanisa la Efeso halikuwa na jengo wala hazina ya namna hiyo. Lilikutana majumbani. Neno "Kanisa lisilemewe," lililo katika mstari wa kumi na sita, lilitamkwa kati ya watu ambao mfuko wao wa pamoja huenda ulitosha kuwekwa juu ya meza, ilhali upande wa pili wa mji ilisimama mojawapo ya hazina kubwa za dunia yao. Nilipolisikia hilo nililiona sanduku letu la diakonia.

Kisha tukaingia katika habari za wajane wenyewe, na hapa mchungaji hakuwa na haraka hata kidogo. Katika miji ile wasichana waliozwa mapema, wengi wakiwa bado katika ujana wao wa kwanza, kwa wanaume ambao mara nyingi waliwazidi kwa miaka kumi au zaidi. Homa, ajali na vita vilifanya yaliyobaki, hivyo mjane hakuwa lazima ajuza; angeweza kuwa mwanamke wa miaka 25 mwenye watoto wawili. Aliyetoka katika nyumba yenye mali alikuwa na kinga fulani, kwa sababu alipoolewa baba yake alimpa mali aende nayo kwa mume, na mume akifa mali ile kwa kawaida ilipaswa kumrudia yeye au watu wa kwao. Darasa zima tulichanganyikiwa mwanzoni, kwa kuwa tulisikia "mahari," na mahari tunayoijua sisi hutoka kwa mume kwenda kwa wazazi wa binti. Mchungaji alitueleza mara tatu kwamba mali ile ilisafiri njia ya kinyume. Lakini kinga hiyo ilimfaa aliyekuwa na baba mwenye kitu cha kumpa. Binti wa mchukuzi wa bandarini, au mwanamke aliyezaliwa utumwani kisha akaachwa huru, akifiwa na mume alibaki na mikono mitupu. Neno la Kigiriki la mjane, *chera*, lina ndani yake maana ya mtu aliyeachwa mtupu.

Palikuwa pia na sheria. Kaisari Augusto, katika mwaka wa 18 kabla ya Kristo, na tena katika mwaka wa 9 baada ya Kristo, alifanya zitungwe sheria za kuwahimiza raia wa Kirumi waoe, waolewe na kuzaa. Mwanamke raia aliye kati ya miaka 20 na 50 asiyekuwa na mume alibanwa katika haki zake za kurithi, na mjane alipewa muda tu, mwaka mmoja katika sheria ya kwanza na miaka miwili katika ya pili, kabla ya adhabu kumgusa. Waefeso wengi hawakuwa raia wa Kirumi, kwa hiyo sheria hiyo haikuwagusa wote, lakini ilionyesha serikali iliona nini kuwa mwanamke mwema. Jambo la ajabu ni kwamba Warumi wale wale, waliomsukuma mjane aolewe tena, walimsifu juu ya kaburi lake kama alikuwa mke wa mume mmoja maishani mwake. Waraka wetu nao una yote mawili katika sura moja: mjane kijana aolewe, na mjane wa kuandikwa awe "mke wa mume mmoja."

Hapo ndipo bibi mmoja, mwalimu wa shule ya Jumapili aliyekuwa akikaa daima karibu na mlango, aliponyosha mkono. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini, na jina lake lilikuwa katika daftari langu, moja ya yale 16 yaliyobaki.

"Mchungaji," alisema, "mimi nimefiwa na waume wawili. Wa kwanza alipokufa nilikuwa na miaka 24, nikaambiwa niolewe, nikatii. Wa pili naye akafa. Sasa kama daftari hili la Timotheo ni la chakula, mimi niliyetii mstari wa kumi na nne nimejifunga kwa mstari wa tisa, maana si mke wa mume mmoja tena. Mtume anamwagiza mtu jambo, kisha akilitenda anamnyima ugali?"

Hakuna aliyejibu upesi. Mimi nilikuwa nimeinamisha macho, kwa sababu nilikuwa nimeelewa jambo ambalo wengine hawakuwa na sababu ya kuliona: usiku ule wa rula na kalamu nyekundu, sisi tulisoma nusu ya mstari. Tulichukua umri, kwa kuwa umri ulitupatia idadi iliyolingana na mfuko, tukaacha sharti la mume mmoja ambalo lingemwondoa bibi huyo na wengine wawili. Tulikuwa hatujalitii Neno. Tulikuwa tumelikata kwa kipimo cha mahindi yetu.

Mchungaji alimwambia bibi kwamba swali lake limewahi kuwashughulisha wasomi wengi, kisha akatuonyesha maneno mawili. La kwanza ni lile linalotafsiriwa "asiandikwe." Kwa Kigiriki ni tendo la kumwingiza mtu katika orodha rasmi, neno lililotumika pia kwa askari wanaoandikishwa jeshini. La pili ni "waheshimu," katika mstari wa tatu: "Waheshimu wanawake walio wajane kweli kweli." Heshima hiyo haikuwa ya maneno matupu, kwa sababu katika sura hiyo hiyo wazee watawalao vema wanastahili "heshima maradufu," na hoja inayofuata ni ng'ombe asiyefungwa kinywa apurapo nafaka na mtenda kazi anayestahili ujira wake. Kuheshimu, basi, kulihusu pia kumlisha mtu. Ukiyaweka maneno hayo mawili mahali pake unaona kwamba mstari wa tatu unazungumzia mjane asiye na mtu, ambaye mstari wa tano unasema ameachwa peke yake, na hapo hapatajwi umri wowote. Umri unaingia katika mstari wa tisa, pamoja na masharti mengine: awe ameshuhudiwa kwa matendo mema, amelea watoto, amekuwa mkaribishaji wa wageni, ameosha miguu ya watakatifu, amewasaidia wateswao.

"Hiyo ni kazi," alisema bibi. "Hao wanaandikwa kufanya kazi."

Wapo wasomi wanaoamini kwamba sura nzima inahusu orodha moja tu ya wahitaji, na hoja zao si za kubeza. Mimi nimeegemea upande wa bibi, na kilichonishawishi zaidi ni yale yaliyofuata katika makanisa ya kale. Mwanzoni mwa karne ya pili Ignatio, askofu wa Antiokia, akisafirishwa chini ya ulinzi kwenda kuuawa Rumi, alimwandikia Polikarpo, askofu wa Smirna, mji usio mbali na Efeso, kwamba wajane wasisahauliwe, na kwamba baada ya Bwana yeye ndiye awe mlinzi wao. Polikarpo mwenyewe, alipowaandikia Wafilipi, aliwaita wajane madhabahu ya Mungu, na mtu haitwi madhabahu kwa sababu tu anapokea debe. Aliwaita hivyo kwa ajili ya maombi yao yasiyokoma. Katika karne ya tatu, katika maagizo ya kanisa yaliyotoka upande wa Shamu, ambayo wasomi huyaita Didaskalia, umri wa kumweka mjane katika kundi hilo ni miaka 50, wala si 60. Na maagizo hayo hayo yanasema kwamba wajane vijana wasiwekwe katika kundi la wajane, lakini watunzwe na kusaidiwa ili uhitaji usiwasukume kuolewa tena kwa kulazimika.

Niliomba mchungaji arudie sentensi hiyo, akairudia. Miaka zaidi ya 1,700 kabla yangu, watu waliokuwa karibu zaidi na waraka ule, kwa lugha na kwa desturi, waliweza kumwambia mwanamke wa miaka 31 kwamba hawezi kuandikwa katika kundi la watumishi, na papo hapo wakampa chakula. Mimi sikuweza.

Liko na suala la "waolewe," ambalo ndilo nililomsomea Mama Zawadi. Katika sura ya nne waraka unawataja walimu waliokuwa wakiwazuia watu wasioe, na Waraka wa Pili unawataja watu wanaojipenyeza katika nyumba za watu na kuwachukua mateka wanawake. Ukiyasoma hayo pamoja na mstari wa kumi na tatu, unaolalamikia wajane vijana wanaozunguka nyumba kwa nyumba wakinena yasiyowapasa, unaanza kuisikia nusu ya mazungumzo iliyokosekana: huenda nyumba za wajane zilikuwa zimekuwa njia ya kupitishia mafundisho yaliyoidharau ndoa, na jirani asiyeamini alipoona hayo alipata la kusema dhidi ya kanisa zima. Mwandishi anasema hivyo waziwazi, "ili wasimpe adui nafasi ya kulaumu." Kwa Wakorintho Paulo alikuwa ameandika kwamba mjane yuko huru kuolewa na amtakaye katika Bwana, ila kwa maoni yake ana heri zaidi akikaa alivyo. Shauri la Efeso lilikuwa dawa ya ugonjwa wa Efeso. Nililichukua nikalimeza kijijini kwetu, mahali ambapo "aolewe" kwa mjane wa mwaka 2005 ilimaanisha kurithiwa na shemeji, katika nyumba ambayo kaka alikuwa amekufa kwa UKIMWI, bila mtu yeyote kuuliza nani amepima na nani hajapima.

Sitaki nionekane kana kwamba mafunzo yale yalikuwa mepesi kwangu. Jioni moja mchungaji alitueleza kwamba tangu mwaka 1807, Mjerumani Friedrich Schleiermacher alipotilia shaka kama Paulo ndiye aliyeandika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, wasomi wengi wamezitenga nyaraka tatu za kichungaji na nyaraka nyingine za Paulo kwa sababu ya msamiati wake na mpangilio wa kanisa unaoonekana humo, na kuziweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Wengine wanashikilia kwamba ni za Paulo mwenyewe, au kwamba mwandishi aliyemsaidia alipewa uhuru mkubwa wa maneno. Mwinjilisti mmoja alifunga Biblia yake na hakurudi tena darasani. Mimi nililala vibaya siku kadhaa. Nilichogundua baadaye ni kwamba swali la mkono ulioandika halikuniondolea uzito wa kilichoandikwa. Iwe ni mwaka wa 64 au wa 100, palikuwa na kanisa lenye wajane wengi na mfuko mdogo, na mtu mwenye mamlaka aliketi akajaribu kupanga jinsi ya kuwatunza bila kumwacha asiye na mtu, na bila kuwapa nafuu watoto na wajukuu waliotaka kulitupia kanisa wajibu wao. Ule mstari wa nane, "mtu ye yote asiyewatunza walio wake, yaani, wale wa nyumbani mwake hasa, ameikana Imani," ulikuwa umenikwepa kabisa. Kamati yetu haikuwahi kwenda kwa wale shemeji walioezua mabati, ilhali wawili kati yao walikuwa washarika, nao walishiriki meza ya Bwana pamoja nasi kila mara.

Tulipokutana tena sakristia, niliomba nafasi nikawaeleza wenzangu tulichokosea. Mjadala ulichukua vikao vitatu, na haukuwa na utulivu wote. Mtunza hazina aliuliza, kwa haki kabisa, kama Kigiriki kitaongeza mahindi ghalani. Hakikuongeza. Kilichobadilika ni maswali ya daftari. Safu ya umri tuliiondoa. Badala yake tuliandika nani yupo wa kumsaidia mama huyu, na kama yupo na hamsaidii, ni nani miongoni mwetu atakayekwenda kuzungumza naye. Tulikwenda. Katika nyumba nyingine tulipokelewa vizuri, katika nyingine tulifukuzwa, na katika tatu shamba lilirudishwa. Majina 14 kati ya 21 yalirejea katika daftari. Wanne walikuwa wamefariki, na watatu walikuwa wamehama, Mama Zawadi akiwa mmoja wao. Wale wajane wazee wenye nguvu, bibi wa mlangoni akiwa mkuu wao, waliunda kundi la kuwatembelea wagonjwa na kuombea watu, wakataka waandikwe katika ukurasa wao wenyewe. Niliwaandika.

Eusebio, mwanahistoria wa kanisa, amehifadhi barua ya mwaka 251 ambamo Kornelio, askofu wa Rumi, anataja kwamba kanisa lake lilikuwa likiwatunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Mara nyingi nimeitafakari idadi hiyo. Nyuma yake palikuwa na mtu mwenye daftari.

Mwaka 2011 nilikwenda mjini wilayani kufuatilia malipo yangu ya kustaafu, na nikipita sokoni nilisikia mtu akisema, "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa Mama Zawadi, ameketi nyuma ya mafungu ya nyanya na vitunguu. Nilimsubiri amalize kumhudumia mteja, kisha nikamwambia, hapo hapo mbele ya majirani zake, kwamba siku ile nilimsomea Maandiko nisiyoyaelewa, na kwamba nilimnyima kilicho haki yake, na ninaomba anisamehe. Hakujibu upesi. Alizipanga upya nyanya zilizokuwa zimekwisha kupangwa. Akasema amekwisha kunisamehe zamani, ila asingependa nidhani kwamba hapakuuma.

Kisha alinieleza alivyoishi. Alipofika mjini alipokelewa na mama mmoja mwenye duka la vitenge, aliyekuwa na vyumba vinne uani. Mama huyo alikuwa tayari amewakaribisha wajane wengine wawili na watoto wao. Hakuwatoza kodi mpaka walipopata mtaji, wakapika chungu kimoja, na watoto wakaenda shule kwa zamu ya sare. Nilipokuwa nikimsikiliza, mstari wa kumi na sita ulinijia: "Mwanamke aaminiye, akiwa ana wajane, na awasaidie mwenyewe." Mchungaji alikuwa ametufundisha kwamba baadhi ya nakala za Kigiriki zinasoma "mwanamume au mwanamke aaminiye," lakini nakala za kale zaidi zinamtaja mwanamke peke yake, na kwamba huenda ni dalili ya akina mama wa Efeso wenye nyumba na uwezo waliokuwa tayari wanaishi na wajane chini ya dari zao kabla barua haijafika. Nilikuwa nimeliandika hilo katika daftari langu la masomo kama jambo dogo la pembeni.

Nilimwomba anipeleke nimsalimie. Tulimkuta mwenye duka akipima kitambaa kwa mkono. Nilipomaliza salamu nilimweleza kwa ufupi habari za wanawake wale wa Efeso, naye aliacha kupima, akaniomba nimwonyeshe mahali penyewe. Nilifungua Biblia juu ya meza ya kukatia. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno, akarudia mara ya pili, kisha akageukia mlango wa uani akaita kwa sauti, "Njooni mwone, na sisi tumeandikwa!" Walikuja wawili, mmoja mikono yake ikiwa bado na unga, na mimi nikausoma mstari tena tangu mwanzo.